Baa Hii, Baa Hili

Jikoni kwetu Ukunda kuna kipembe kilichokuwa cha mafiga. Marehemu mama alipikia hapo kwa kuni mpaka ukuta ukawa mweusi kama tako la chungu. Gesi ilipoingia, mafiga yakatolewa, kipembe kikabaki na ndoo iliyotoboka, kiatu kimoja cha mtoto na mbuzi ya kukunia nazi iliyolegea mguu. Nilipita hapo miaka na miaka bila kuwaza lolote. Kisha nikaalikwa harusi kwenye hoteli moja ya ufuoni Diani, nikaona kaunta yao, na akili ikahama.

Nyuma ya kaunta ile walikuwa wamesimamisha nusu ya mtumbwi mkongwe, omo juu, ndani umepigwa rafu, rafuni chupa zinameremeta. Nikasema, kumbe! Bahari ni yetu, mitumbwi ni yetu, halafu raha wafaidi wageni? Kipembe changu nacho kitakuwa baa.

Niseme mapema, jamaa wa msikitini wasije wakasumbuka: kileo hakikuwamo katika mpango. Mama mkwe huja kwetu kila mwezi kutoka Msambweni, na mimi namwogopa Mungu na mama mkwe, nani zaidi sitamtaja. Yangu ilikuwa iwe baa ya ukwaju, madafu, maji ya mabungo na kahawa chungu.

Mtumbwi niliupata kwa mvuvi mmoja hukohuko Msambweni. Ulikuwa wa mwembe, umechoka, na kwa miaka umepakwa sifa isiyo na idadi. Watu huhangaika maisha yao yote kutafuta sifa. Mimi niliinunua kwa shilingi 4,000 ikiwa imekwisha kolea kwenye mti. Ile nyingine, ya mafuta ya papa. Seremala akaukata, nusu yangu ikapanda tuktuk huku omo imetokeza nje. Pale stejini Ukunda kijana mmoja akanionea huruma: "Mzee, bahari iko upande ule."

Usiku wa kwanza walikuja paka watatu. Wa pili, saba. Waliketi mbele ya kaunta yangu mpya wametulia, kama wateja waliokwisha lipa.

Fundi akaja na drili kuushika mtumbwi ukutani. Nyumba yetu, kama nyingi za huku, ni ya mawe ya matumbawe, na tumbawe ni mji uliohamwa: vidudu vya bahari vilijenga kwa maelfu ya miaka, vikafa, vikaacha vyumba wazi. Mwamba wa jamii hiyohiyo ndio wenye pango la Ali Barbour's kule Diani, lililofanywa mkahawa, watu wakalipa ili wale shimoni. Kwangu matundu yaliingiza hasara tupu. Drili ilizama kama kidole kwenye uji, skrubu ikaingia, ikazunguka, ikatoka na unga. Baada ya skrubu ya sita fundi akajifuta uso. "Mzee, ukuta umekataa." Tukaufunga mtumbwi kwa kamba ya katani kwenye nondo za dirisha, na chombo kikawa kimetia nanga. Ila dirisha halikufungika tena.

Wageni wa Diani huinua kamera kwa mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, waliotundikiwa ngazi za kamba juu ya barabara ya ufuoni wavuke bila kugongwa na magari. Mbega ni mstaarabu. Anakula majani yake, hana habari na jiko la mtu. Mwizi ni kima. Siku ya tatu nilimkuta mmoja ameketi kwenye stuli, wa kwanza kuifaidi, kwa kuwa fundi alipima kwa shubiri zake na hakuna binadamu wa nyumba hii aliyeweza kuikwea bila kushikwa mkono. Alikuwa anamumunya mabungo yangu, mbegu anatemea kwenye glasi. Hakukimbia. Alinitazama kama mhudumu aliyechelewa.

Mama watoto hakugomba. Alinikumbusha tu kwamba baa zina sheria, ile ya mwaka 2010 tunayoiita ya Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha wakati huo na aliyeipeleka bungeni: siku za kazi hufungui mpaka saa kumi na moja jioni, na saa tano usiku unafunga. "Na hapa tuifuate, baba watoto." Nilikubali mbiombio. Kumbe saa kumi na moja ndiyo saa anayobandika sufuria! Kila nikifungua baa, kaunta imekwisha jaa: sinia la mchicha, karai, kifuu cha nazi, na vitunguu ambavyo, kwa kuwa nimesimama hapo bila kazi, ninaombwa nivimenye.

Kisha jirani yetu mgema akasikia neno baa, akaniletea chupa ya mnazi, zawadi ya ufunguzi. Kukataa zawadi ya jirani ni kukosa adabu. Kuipokea na mama mkwe yuko njiani ni kukosa akili. Adabu ikashinda. Nikaikaza kizibo, nikaificha juu kabisa omoni, nikiwaza kuirudisha usiku. Nilisahau jambo analolijua kila mtoto wa Kwale: mnazi haulali. Ukigemwa asubuhi ni mtamu, chachu inaushika palepale, jioni una nguvu, ukikaa zaidi unaelekea kuwa siki. Muda wote huo unachemka na kutoa hewa, na ukiuziba, hewa hiyo itatafuta mlango. Tena mgema wetu hajapata kusifiwa na mtu, kwa hiyo hakuutia maji.

Mama mkwe aliketi, nikamtilia ukwaju. Akausifu. Nikajaa kifua. Ndipo omo ikalia kama baruti. Kizibo kikagonga dari, povu likateremka rafu baada ya rafu, likatambaa kwenye kaunta, likadondokea pindo la leso yake. Paka wakatawanyika. Harufu ya mnazi ikakutana na ya papa.

Mama mkwe aliinua pindo taratibu, akalinusa, akalishusha.

"Mwanangu, niliambiwa umeweka baa."

"Ndiyo, mama. Baa hii..."

"Hili," akasema. "Baa hili."

Akaomba maji akatawadhe.

Kaunta sasa ni ya mama watoto, anachambulia mchele. Stuli moja tumemwachia kima. Mtumbwi uko uani na unauzwa, shilingi 2,000, bei ya kuzungumza. Unayeutaka njoo na mkokoteni wako, na ukija ukiwa na mafua tutaelewana haraka. Paka sikuuzii; wataufuata wenyewe.