Jinsi ya Kufufua Gari la Jeshi Kisiwani Fundo

Kwanza upate gari lenyewe. Linalofaa ni Land Rover iliyostaafu mara mbili: mara ya kwanza jeshini, mara ya pili kwenye kubeba karafuu. Muuzaji akikwambia "injini nzima," muulize iko wapi.

Kulivusha kutoka Wete, ngoja bamvua. Funga mashua mbili ubavu kwa ubavu, tandika mbao juu, kisha kamuage mama. Maji yakikuacha njiani usibabaike. Sisi tulikaa mchangani saa tano, na ndipo nilipoiona chesisi kwa mara ya kwanza. Heri nisingeiona.

Maana bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Gari hili lilizaliwa mwaka 1948, Uingereza ikiwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Chesisi lakini ni chuma, na upepo wetu una chumvi. Juu linang'aa, chini linamung'unyika kama bisikoti kwenye chai. Tena chuma na aluminiamu ni wake wenza: wakigusana penye chumvi hulana, na anayeliwa zaidi ni aluminiamu.

Mjini watakuuzia dawa ya kutu. Wewe paka sifa, mafuta ya papa yanayopakwa vyombo. Mimi nilipaka mwezi mzima. Kama kutu iliongezeka ama ilipungua sijui, maana paka wote wa kijiji walihamia chini ya gari na sikuthubutu kuinama.

Usidharau mafuta, hata hivyo. Julai 1916, Wajerumani walipoizamisha wenyewe manowari yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika ili isitekwe, waliipaka injini grisi nzito kwanza. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena bandarini Kigoma. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kupakia abiria kwa jina la Liemba. Imezama mara mbili, ikafufuka. Land Rover yangu ilikaa miezi mitatu tu chini ya mwembe, klachi ikaganda. Kwa hiyo ukinunua grisi, usipime kwa kijiko.

Rangi ya kijani inapendeza, ila kombati ya kulinganisha nayo iache dukani. Mavazi ya jeshi ni marufuku kwa raia, na kituoni "natania" si utetezi.

Wala usiulize utaliendesha wapi. Gari la namna hii haliendeshwi. Hufunguliwa boneti, wazee wakakusanyika, kila mmoja akataja ugonjwa wake. Wa kwangu wamekubaliana ni kabureta, isipokuwa nahodha mmoja anayeshikilia kwamba linataka kalafati.

Jambo la mwisho ni spana. Nati za Land Rover kongwe ni za inchi. Spana za milimita zinateleza tu. Niliyokuwa nayo ya nusu inchi ilinitumbukia gatini. Anayekuja Fundo kutoka Wete, tafadhali aniletee nyingine.