Kuku wa Koboko na Kipimajoto cha Malkia

Ndugu yangu, kama nawe una mama mkwe, shemeji na watoto chini ya bati moja, sogea nikusimulie. Likizo ya Agosti, Haboba alishuka kwenye basi la kutoka Koboko na gunia la muhogo, kuku jike mwekundu kwapani, na maagizo ya wiki nzima. Koboko hadi hapa Arua hata kilomita 60 hazifiki, lakini mama mkwe wangu akisafiri utadhani anahama. Watoto humwita Haboba, kama Wanubi wanavyomwita bibi. Shemeji humwita Afande, ila akiwa mbali naye. Kuku alikuwa zawadi kwa mke wangu, wa kutaga mayai. Hilo sote tulilisikia: wa kutaga.

Nyumbani kwetu kitu kisichoguswa ni kipimajoto. Binti yetu Malkia ana miaka 7 na ana selimundu. Mimi na mama yake kila mmoja alibeba nusu ya kasoro hiyo bila kujua, na hatuko peke yetu: utafiti wa nchi nzima uliotolewa 2016 ulikuta watoto 13 katika kila 100 wa Uganda wanaibeba. Kwa hiyo kipimajoto hukaa juu ya kabati, nyuma ya kopo la majani ya chai, na amri ya mama ni moja. Joto la Malkia likifika 38, hakuna kumeza Panadol na kungoja kuche. Ni hospitali.

Alhamisi mchana Profesa, kaka yake wa miaka 10, akapanda kiti, akakishusha, akakibana chini ya bawa la kuku. Kikalia. Akapiga ukelele uliofika barabarani: "Haboba! Kuku ana homa! Digrii 41!"

Haboba alikuwa akisonga enyasa. Aliweka mwiko chini, akatoka, akamtazama kuku, na kuku kwa bahati mbaya akafumba jicho. "Mgonjwa huyu. Achinjwe kabla hajatufia." Wa kuchinja akapatikana papo hapo, kwa maana Mjomba Harufu, shemeji yangu, ana kipaji cha kufika na boda yake wakati sufuria inatafutwa. Niliporudi kazini nilikuta supu, na Profesa analia juu ya bakuli.

Kuku hakuwa na homa. Hilo ndilo joto lake la kila siku, 41 hadi 42. Nikamweleza mwanangu palepale mezani, kwa sababu tangu Malkia apimwe nimekuwa nikisoma habari za damu kama wengine wanavyosoma habari za mpira. Chembe moja nyekundu ya damu imebeba hemoglobini kama milioni 270, zimesongamana kama abiria wa siku ya soko. Ndiyo protini inayobeba oksijeni. Haitulii hata kidogo: joto huitikisa, na vipande vyake hujipinda na kujinyoosha bila kukoma. Ikikakamaa haifanyi kazi, ikilegea mno inaharibika. Mwaka 2008 wanasayansi walizimulika chembe za damu ya binadamu kwa nyutroni, wakaona kwamba karibu na digrii 37 mtikisiko huo unabadilika, sehemu za protini zinapata nafasi zaidi ya kucheza. Kabla yao wengine walikuwa wamezivuta chembe hizo kwenye kijibomba chembamba mno. Chini kidogo ya digrii 36 na nusu zilikwama mlangoni, joto likipanda kidogo zikapenya. Mwaka 2012 wale wa nyutroni wakalinganisha binadamu, kuku, mamba, na yule mnyama wa Australia mwenye mdomo wa bata. Kila mmoja hemoglobini yake imefungwa kwa nguvu inayolingana na joto la mwili wake. Ya kuku imeumbiwa moto wa kuku.

"Kwa hiyo alikuwa mzima?" Profesa akauliza.

"Alikuwa mzima."

Haboba akamwongezea mchuzi. "Kula. Supu ya mzima ni tamu zaidi."

Mke wangu aliposikia kipimajoto kimetoka wapi, alikitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yakichemka juu ya sigiri. Kioo kikafifia, namba zikapotea. Na jioni hiyohiyo mvua ikamkuta Malkia uani akiokota manyoya mekundu.

Saa saba usiku akaanza kulia miguu. Mama yake akakimbilia kabatini, akakumbuka. Haboba akaweka kiganja shingoni mwa mtoto, akakiacha hapo kwa muda. "Ana moto. Twendeni." Hapakuwa na mjadala. Mjomba Harufu akawasha boda, Malkia akakaa katikati yake na mama yake, amevishwa sweta mbili na kanga ya bibi. Hospitalini wakapima: 38.7. Ilikuwa malaria. Wakamtundikia maji, wakampa dawa ya maumivu.

Nilikesha kando ya kitanda nikiwaza jambo linalonisumbua tangu nilisome. Katika selimundu, tofali moja kati ya 146 ya mnyororo wa hemoglobini limebadilika, na hemoglobini zikishaachia oksijeni zinashikana, zinakuwa nyuzi ndefu, chembe inajikunja kama mundu. Kwenye chupa ya maabara, ubaridi huziyeyusha nyuzi hizo na joto huharakisha kushikana kwake. Ungedhani mvua ingemfaa mwanangu! Lakini mwili si chupa. Baridi hubana mishipa, damu inajikokota, chembe zinakawia pale pasipo na oksijeni, na hapo ndipo zinaponasana. Haboba hajasoma lolote kati ya hayo. Alikuwa amefunga chupa ya maji ya moto ndani ya leso, anaipitisha taratibu kutoka gotini hadi kwenye kifundo cha mguu, na kila alipofika chini mtoto alilegeza vidole.

Jumapili tukarudi nyumbani. Kipimajoto kipya kiko palepale nyuma ya kopo, na juu ya kasha lake Profesa ameandika kwa kalamu nyekundu: WATU TU. Juzi Haboba akapiga simu kutoka Koboko. Anatuma kuku mwingine kwa basi la Jumamosi.

"Baba Malkia, huyu awe na joto ngapi?"

"41, Mama. Hata 42 ni sawa."

"Haya. Nitamshika kwanza mimi mwenyewe."