Mheshimiwa Gavana, Tunaomba Mwamuzi wa Karata

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Kaunti ya Uasin Gishu,
Eldoret.

MINT: OMBI LA CHUMBA, VITI NA MAFUNZO YA WAAMUZI WA KARATA, MOIBEN

Mheshimiwa Gavana,

Kabla sijasogea mbele naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Najua mezani pako kuna barua za barabara, za mbolea, za basari na za dawa, na kwamba barua ya karata ikiwekwa juu ya hizo inaweza kuonekana utovu wa adabu. Nimeizungusha kichwani tangu Desemba nikiogopa hilo. Nimeiandika kwa sababu jambo lenyewe ni la adabu, na kwa sababu Katiba yetu ya 2010, katika Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne, iliweka kamari na michezo katika kifungu kimoja, vyote viwili ikavikabidhi serikali za kaunti. Kwa hiyo, Mheshimiwa, anayetaka kuambiwa rasmi kama vijana walioizunguka meza ya karata wanacheza tu au wanacheza kamari hana mlango wa kubisha ulio karibu kuliko wako.

Niruhusu nieleze kilichonifikisha hapa.

Desemba hiyo, kwenye veranda ya duka moja la senta, vijana sita walikuwa wakicheza kadi, ule mchezo ambao wengi wetu tuliujua shule za bweni: mbili na tatu zinamlisha anayefuata, jeki inamruka mtu, kingi inaurudisha mchezo ulikotoka, kwini na nane ni swali linalodai jibu, na anayekaribia kumaliza sharti atangaze "niko kadi". Mmoja akamaliza. Binamu yake akasema hakusikia tangazo. Wa kwanza akaapa kwamba alilitamka. Wawili waliokaa karibu naye walisema walilisikia; wawili waliokaa upande wa barabara walisema bodaboda ilikuwa ikipita. Mezani hapakuwa na pesa, Mheshimiwa, hata shilingi moja. Lakini meza ilipinduliwa, chai ikamwagika, yakasemwa maneno kuhusu mama za watu. Hadi leo binamu hao hawasalimiani, na msimu wa kupanda ulipofika kila mmoja alitafuta mtu mwingine wa kusaidiana naye shambani.

Niliumia kwa sababu wote wawili niliwafundisha darasani. Niliumia zaidi nilipotambua kwamba huenda wote wawili walisema kweli. Mmoja alitamka, mwingine hakusikia. Hapo hapakuhitajika mshindi wa kelele. Alihitajika mtu wa saba, asiyeshika karata, wa kusikiliza na kuamua.

Kadi, Mheshimiwa, haina kitabu. Kila kituo kina sheria zake: hapa jokeri inalisha tano, pale jokeri imetolewa kabisa, hapa unaruhusiwa kumaliza kwa swali ukilijibu mwenyewe, pale ukijaribu utachekwa. Mgeni akiketi, ugomvi umeketi naye. Ndiyo maana nilirudi kwenye mchezo mwingine, ambao nilifundishwa ujanani na mwalimu mwenzangu aliyekuja nchini kwa kujitolea: briji.

Kwa idhini yako nitaueleza kwa ufupi. Wanaketi wanne, wawili wawili, wenza wakitazamana, na viti huitwa kwa pande za dunia: Kaskazini na Kusini dhidi ya Mashariki na Magharibi. Kila mmoja hupewa karata 13. Kwanza kuna mnada, ambapo wenza hutangaza watakula raundi ngapi na turufu itakuwa aina gani; kisha karata huchezwa ili ijulikane kama ahadi imetimia. (Neno turufu, pamoja na kopa, uru, shupaza na pau za ndugu zetu wa Pwani, tulilipata kwa Wareno. Karata zilikuwa na Kiswahili chake kabla Eldoret haijapewa jina.) Shirikisho la dunia la mchezo huu lilianzishwa 1958. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua mwaka 1999, na mwaka 2018 briji ilishindaniwa medali katika Michezo ya Asia kule Jakarta. Mwafrika mwenzetu Omar Sharif, ambaye wengi wanamkumbuka kwa filamu, aliiwakilisha Misri katika Olimpiadi ya briji ya mwaka 1964 mjini New York. Nayataja haya ili wasaidizi wako wasidhani nakuletea mchezo wa kijiweni.

Aina ninayowafundisha vijana ni dupliketi, na nakuomba uvumilivu wako hapa, kwa kuwa ndipo uzuri ulipo. Vilabu vyenye uwezo hutumia vibao vyenye mifuko minne. Sisi tunatumia bahasha za kaki. Karata zikishagawanywa na kuchezwa, hazichanganywi. Kila mchezaji huziweka zake mbele yake moja moja, ya raundi iliyoliwa na upande wake ameisimamisha, ya raundi iliyopotea ameilaza, na mwisho anazirudisha kwenye bahasha ya kiti chake. Bahasha nne zinahamia meza ya pili, ambako watu wengine wanne wanacheza karata zile zile. Tuko wanane: timu ina wawili walioketi Kaskazini na Kusini kwenye meza ya kwanza, na wawili walioketi Mashariki na Magharibi kwenye meza ya pili. Ukipata karata mbovu, aliyeketi kiti kama chako kule upande wa pili atazipata hizo hizo mbovu. Hakuna wa kulaumu mgao. Kinachobaki kupimwa ni akili yako, na adabu yako.

Sheria za dupliketi, toleo la 2017, ni 93. Nimezisoma zote zaidi ya mara moja, na ningekuwa na uwezo ningezitafsiri nikutumie. Zinataka mchezaji awe na heshima wakati wote, kwa mwenzake na kwa mpinzani. Zinasema kosa likishatajwa mezani, mwamuzi aitwe papo hapo, na mtu yeyote asiguse kitu hadi mwamuzi aeleze. Wachezaji hawana haki ya kujihukumia wenyewe. Hata mimi mwenye bahasha, nikiwa nacheza, siruhusiwi kumwambia kijana wa darasa la juzi kwamba amekosa na adhabu yake ni hii. Naita "mwamuzi, tafadhali", naweka mikono yangu mezani, nanyamaza.

Mwanzoni hili liliwashinda. Kwetu kumwita mwamuzi kulichukuliwa kama kumshtaki mtu. Kijana akiitiwa mwamuzi alinuna jioni nzima. Nilichukua miezi miwili kuwazoesha kwamba mwito huo haumtaji mkosaji wala haumnyooshei mtu kidole, na kwamba mwenye kukosa anaweza kuwa yule yule aliyeita. Sasa wanaita kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Nikuombe unisikilize kwa kisa kimoja. Jumamosi moja binti aliyeketi Mashariki alizitazama karata zake kwa muda mrefu sana, kisha akasema "pasi". Mwenzake wa Magharibi, ambaye karata zake zilikuwa za kawaida, akatangaza kopa tatu, na wakazitimiza. Kaskazini akaita mwamuzi. Waswahili walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mezani ule ukimya wa binti ulikuwa umesema: nina karata nzuri kidogo, ila sina hakika. Sheria hazimkatazi mtu kufikiri. Zinamkataza mwenzake kujinufaisha na kufikiri huko. Mwamuzi wetu, msichana wa miaka 19, aliwahoji wachezaji watatu kando, akawaonyesha karata za Magharibi bila kuwaambia kilichotokea. Wawili walisema wangepita. Akarudi, akasema matokeo yanarekebishwa kana kwamba Magharibi alipita, akawashukuru wote wanne kwa subira yao. Hakuna aliyeitwa mwizi. Hakuna aliyeulizwa nia yake ilikuwa nini. Magharibi alisema "asante", akatoa bahasha iliyofuata.

Mheshimiwa, nilisimama nje kidogo nikitazama mashamba ya ngano kuelekea Sergoit ili wasinione macho. Nilikuwa nikiwafikiria wale binamu.

Watu wa kaunti hii hawahitaji kufundishwa uzito wa uamuzi. Tuliukesha pamoja. Agosti 2016 kule Rio, jirani yetu Ezekiel Kemboi, bingwa wa Olimpiki wa 2004 na 2012, alimaliza wa tatu katika mbio za kuruka viunzi na maji. Ufaransa ikakata rufaa kwamba alikanyaga ndani ya mstari, na shaba ikaenda kwa Mahiedine Mekhissi-Benabbad. Tuliumia, lakini kosa lilikuwa la hatua moja ya mguu, na sheria ilikuwa imeandikwa kabla ya mbio. Agosti 2024 kule Paris, Faith Kipyegon alimaliza wa pili katika mita 5,000 nyuma ya Beatrice Chebet, akaondolewa kwa madai ya kumzuia mwenzake, Kenya ikakata rufaa, na baada ya saa chache fedha yake ikarudi. Uamuzi ulipinduliwa bila kupindua meza. Vijana wetu waliziona siku zote mbili kwenye televisheni. Ninachotamani ni wazione pia kwa mikono yao, Jumamosi, katika jambo dogo lisilo na medali, ili siku ya jambo kubwa wawe wamezoea.

Dupliketi inaruhusu rufaa pia, na kwa kawaida ina muda: dakika 30 baada ya matokeo rasmi kutolewa. Muda ukiisha umeisha. Sisi tumeteua kamati ya wazee watatu wasiocheza siku hiyo, mmoja wao mama mkulima anayewasikiliza kwa makini kuliko sisi walimu wa zamani. Mwaka huu wamesikiliza rufaa nne, wakakubali moja.

Kuna kanuni moja ambayo, kwa unyenyekevu wote, ningependa hasa ikufikie wewe, Mheshimiwa, uliyekabidhiwa kuamua mambo ya watu wengi. Ni ile ya 82. Inazungumzia mwamuzi aliyekosea. Inasema ikigundulika kwamba uamuzi wake haukuwa sahihi, na mchezo hauwezi tena kurudishwa sawasawa, basi pande zote mbili zitahesabiwa kuwa hazina kosa. Gharama ya kosa la mwenye mamlaka haitozwi yeyote kati ya waliomtii. Nilikuwa mwalimu kwa miaka 31 na nimetoa adhabu nyingi. Laiti ningeisoma kanuni hiyo nikiwa kijana.

Sasa ombi. Vijana wetu wamewahi kufukuzwa walipokuwa wameketi, na afisa ambaye simtaji wala simlaumu, kwa kuwa aliona karata tu, na karata machoni pa wengi ni kamari. Hakuwa na njia ya kututofautisha. Kamari imewaumiza watu hapa kwetu, imekula ada za shule na bei za ng'ombe, na sitaki mtu yeyote adhani naitetea. Ndiyo sababu nasihi kanuni za kaunti ziseme waziwazi kwamba mchezo wa karata usiowekewa pesa wala mali, unaochezwa mahali pa wazi chini ya mwamuzi anayejulikana, ni mchezo. Neno hilo moja likiandikwa, afisa atajua la kufanya na kijana atajua mipaka yake.

Pamoja na hilo tunaomba chumba chochote cha umma hapa Moiben, Jumamosi alasiri, chenye meza mbili na viti vinane, ambacho tutakifagia wenyewe. Na idara yako ya michezo inapoandaa mafunzo ya marefa wa kandanda na voliboli, tunaomba nafasi mbili kwa vijana wetu wanaoamua karata. Hawatajifunza huko habari za turufu. Watajifunza kusimama wima mbele ya mtu aliyekasirika, kusikiliza upande wa pili, na kusema uamuzi bila kutetemeka. Nafasi mbili zinatosha. Karata na bahasha tunazo.

Wale binamu bado hawasalimiani, ila mwezi uliopita mmoja wao alikuja, akasimama mlangoni akatazama migao miwili ikichezwa, akaondoka bila kusema neno. Wiki iliyofuata alirudi akauliza kama kuna mtu anayehitaji mwenza.

Mheshimiwa Gavana, ukipata nafasi katika ratiba yako, tafadhali tutembelee. Hatutaandaa hotuba wala kukuchangisha. Utapewa mursik, utapewa karata 13, na ukisahau kucheza aina iliyotangulizwa hali unayo mkononi, yule binti wa miaka 19 ataitwa, atakusikiliza kwa heshima zote, na ataamua kama anavyoamua kwa kila mtu. Tunacheza kila Jumamosi saa tisa alasiri. Kiti cha Kusini tutakiacha wazi.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Moiben.