Analipwa Kuniuliza Maswali

Jirani, umewahi kuona wapi mtu anakula hela kwa kuuliza maswali? Siyo polisi. Siyo wakili. Kocha! Ofisini kwetu wamemleta kutoka nje, eti atusindikize kwenye mabadiliko. Mabadiliko yenyewe ndiyo haya: leja yangu ya stoo, ile yenye jalada jeusi, inazikwa. Vipuri vyote vinaingia kwenye kompyuta. Bearingi, feni belti, nati, mpaka mikebe ya grisi ambayo mimi huwa naihesabu kwa macho tu, na inatosha.

Nilijua atakuja na majibu. Mimi mtu wa majibu. Niambie bonyeza hapa, nabonyeza, narudi kwenye chai yangu. Kumbe mwenye majibu ni mshauri mwelekezi, na huyo alishapita, akaacha ripoti nene ambayo sasa hivi inazuia mlango wa stoo usijifunge kwa upepo. Kocha haleti jibu. Anakuuliza mpaka likutoke mwenyewe.

Kijana ana adabu, shikamoo ananipa kamili. Halafu ananiweka kitimoto. Mzee wangu, lengo lako ni nini? Kustaafu. Hali halisi ikoje? Mbaya. Una njia zipi? Sina. Sasa utafanya nini, na lini? Nikatazama saa. Na anaandika, jirani! Anafurahi! Mpangilio huo wa maswali, nimeambiwa, ulivuma kupitia Mwingereza John Whitmore, aliyetoa kitabu mwaka 1992. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa magari ya mashindano. Ndiyo maana naulizwa kwa spidi ile. Na huyo Whitmore naye alichota kwa Mmarekani Timothy Gallwey, mtu wa tenisi. Tenisi na magari ya mbio! Mimi kazini nakwenda kwa daladala, nimesimama, shingo imepinda.

Siku nyingine akabandika karatasi kubwa ukutani. Akachora mstari unaoshuka bondeni halafu unapanda. Hapa unakataa. Hapa unakasirika. Hapa unabembeleza. Hapa umevunjika moyo. Hapa unakubali. Mzee wangu, wewe uko wapi? Nikachukua maka peni, nikaweka alama chini kabisa, pale karatasi inapoishia. Watu wa mauzo wakacheka. Kijana wa TEHAMA akapiga picha, akaituma kwenye grupu. Nyumbani binti yangu anayesoma uuguzi akaiona, akanitazama kwa huruma. Baba, hatua hizo alizieleza daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, kwenye kitabu cha wagonjwa wanaokaribia kufa. Kufa! Watu wa maofisi wakazibeba, wakazigeuza mchoro wa semina. Yaani mimi nabadilishiwa leja, napangiwa hatua za mahututi. Na ndiyo nikaelewa kwa nini siku ile mhasibu alikuwa ananiangalia kama mtu anayepiga hesabu za rambirambi.

Lakini hayo sijali. Kinachonikaba ni hiki. Mimi nimesema vikaoni miaka na miaka: shida siyo leja. Shida ni mafundi wa zamu ya usiku. Wanachukua kipuri usiku, karatasi wanasaini wakikumbuka. Wasipokumbuka, mwizi ni mimi. Nimesema mpaka nikaitwa mkorofi. Kikao cha mwisho niliambiwa nikae chini wakati nilikuwa sijasimama.

Sasa kocha ananiita faragha. Kuna makubaliano yamesainiwa, bosi, mimi na yeye: ninayomwambia hayatoki bila ruhusa yangu. Nikamwaga yote. Akauliza, nani mwingine anapaswa kuyasikia haya? Nikasema bosi, ila mimi simo. Akauliza, ungependa yamfikieje? Nikasema kwa mdomo wako, baba, wako siyo wangu.

Kesho yake mbele ya mameneja wote: "Kipuri kinatoka stoo saa ngapi, na karatasi inasainiwa saa ngapi?" Kimya. Feni inasikika. Bosi akavua miwani. "Swali zuri sana hilo." Zuri! Jibu langu la bure lilikuwa ukorofi. Limevalishwa alama ya kuuliza, limelipiwa na ankara. Ila nimkubali kijana: yeye hapa hana mjomba, hagombei kiti cha mtu, akiuliza hakuna wa kusema ametumwa na fulani. Mimi nikikohoa tu wanauliza nani kanituma.

Utaratibu ukabadilika kweli. Hakuna kutoa kipuri bila kuingiza kwenye kompyuta, hata usiku wa manane. Mafundi wakanuna. Mimi nikapewa cheo cha balozi wa mabadiliko. Hakina posho. Kina fulana, na fulana yenyewe inanibana tumboni, mabadiliko yanasomeka nusu. Kijana mkataba ukaisha, akaaga. Kazi yake, anasema, ni kuhakikisha asihitajike tena. Ona dunia! Yeye asipohitajika amefaulu. Mimi nisipohitajika nimepunguzwa.

Basi na mimi balozi nikaona nitumie elimu. Bosi akapiga simu stoo, sauti ya juu: Mzee, kompyuta inaonyesha bearingi zipo, rafu tupu, ziko wapi? Nikavuta pumzi, nikalainisha sauti kama nilivyofundishwa. "Bosi, wewe mwenyewe unaonaje?"

Nimepewa barua ya kujieleza. Majibu hayapokelewi kwa karatasi siku hizi, ni lazima yapitie kwenye mfumo. Mfumo unanikatalia, eti paswadi imeisha muda. Nimempigia kijana wa TEHAMA anisaidie haraka. Akanyamaza kidogo. "Mzee wangu," akasema, "wewe una njia zipi?"