Siku Mkwe Alipopepesuka

Mdogo wangu alisomea uuguzi kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na bado alikuja kwangu akilalamika kwamba wagonjwa wake hawatembei. Alikuwa na maana ya wagonjwa wa kwenye karatasi. Tangu Kenya na Uingereza zitie saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, safari ya kwenda kufanya kazi kule imekuwa gumzo la wauguzi, na katikati ya safari hiyo umekaa mtihani wa lugha. Yeye alichagua OET, mtihani wa Kiingereza uliotungwa kwa watu wa afya. Una barua ya kuandikwa kwa dakika 45, ambazo 5 za kwanza ni za kusoma tu maelezo ya mgonjwa. Una pia maigizo mawili ya mazungumzo, kila moja la dakika kama 5. Katika barua zake za mazoezi mgonjwa alikuwa “walks slowly” aya ya kwanza, “walks badly” aya ya pili, na “walks with difficulty” aya ya tatu. Aliyekuwa akimsahihishia alimwandikia pembeni kwa wino mwekundu: anatembea vipi?

Swali hilo likahamia nyumbani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na begi lake na daftari lake.

Kwanza alijaribu kubandika. Mlango wa bafu ukapata “shuffle” na “hobble”, friji ikapata “stagger”, “lurch” na “waddle”, na jikoni kukawa na vitenzi vya mikono: “clutch”, “grope”, “fumble”. Mbele ya kila neno aliandika maana aliyoitoa kwenye kamusi, na karibu zote zilianza kwa “kutembea kwa” au “kushika kwa”. Alizikariri barabara. Ukimwamsha usiku angekutajia orodha nzima bila kukosea. Lakini ukimwuliza mtu anayefanya “hobble” ana tofauti gani na anayefanya “trudge”, alinyamaza, kwa sababu hakuwa na mtu yeyote kichwani. Alikuwa na maneno matupu.

Mimi nafundisha lugha shule ya msingi, na jambo hili naliona kila mwaka kwa watoto wanaoandika insha. Kiingereza hutia namna ya mwendo ndani ya kitenzi, kisha uelekeo hukiachia kineno cha nyuma: “crept out”, “staggered in”. Kiswahili huenda kinyume. Kitenzi chetu kikuu hushika njia: akaingia, akatoka, akapanda, akashuka, akavuka. Namna ya mwendo, ikihitajika, huja baadaye: akaingia akichechemea, akatoka ananyata. Mwanaisimu wa Marekani, Leonard Talmy, ndiye aliyezipanga lugha za dunia kwa kipimo hiki. Mwenzake Dan Slobin alilifuatilia jambo hilo kwa kutumia kitabu cha picha kisicho na maneno, alichokitoa Mercer Mayer mwaka 1969, kinachohusu mtoto anayemtafuta chura wake aliyetoroka. Watu wa lugha tofauti walisimulia picha zilezile, na wale wa Kiingereza wakawa wepesi zaidi wa kutaja jinsi kiumbe anavyosogea. Kwa hiyo Mswahili anayeandika “he entered” hana uvivu wowote. Anasema kwanza lile ambalo lugha yake imemzoeza kulitanguliza. Namna ya mwendo anaijua vizuri, ila hakuzoea kuanza nayo.

Nikamwambia mdogo wangu: ng'oa karatasi zote, tutajifunza vitenzi hivi kwa mwili. Hilo nalo silo wazo jipya. James Asher, mwanasaikolojia wa California, aliandika mwaka 1969 juu ya njia yake ya kufundisha lugha kwa amri. Mwalimu anasema na kutenda, mwanafunzi anasikia na kutenda, na hakuna anayelazimishwa kusema kabla hajawa tayari. Aliijaribu kwa Kijapani na kwa Kirusi. Simama, kaa, nenda mlangoni, geuka. Kisha amri zinarefuka hadi mtu anachukua kitabu chekundu anakipeleka dirishani bila kutafsiri kitu.

Jioni za kwanza zilikuwa tamu. “Crouch!” na sote tunachuchumaa. “Lean!” na watoto wanaegemea ukuta. “Flinch!” na mwanangu wa mwisho anajikunyata hata kabla mkono haujamfikia. Baba watoto, mtu wa miraba minne, fundi wa mitambo ya bandarini, akirudi kazini alikuwa akivua viatu na kuingia mchezoni. Ndiye aliyependekeza awe mgonjwa wa kudumu, na ndiye aliyeweka sheria kwamba mgonjwa asijibu ila kwa Kiingereza, kama itakavyokuwa kwenye igizo la mtihani.

Mama yetu, ambaye anaishi nasi, hakuambiwa. Saa hizo huwa chumbani kwake na tasbihi, na hakuna aliyeona haja ya kumkatizia nyiradi zake kwa habari za vitenzi.

Basi usiku ule mdogo wangu aliamuru “stagger”, na shemeji yake akaanza kupepesuka kutoka mlango wa jikoni. Aliifanya kazi kwa moyo wote: magoti yamelegea, mikono inatafuta pa kushika, macho hayaoni mbele. Alipofika katikati ya sebule amri ikabadilika kuwa “lurch”, na yeye, badala ya kuinama kidogo upande mmoja, akajitupa mzima mzima kushoto. Kushoto kuna kabati la vyombo. Kabati liliyumba, likarudi, likayumba tena, na vikombe vya kahawa vya Mama, vile vilivyokuja na sanduku lake la arusi, vikaanza kuserereka rafuni kimoja baada ya kingine. Mwanangu mkubwa alikuwa ameshaelewa “lunge” kuliko sisi sote. Alichomoka, akadaka viwili. Vingine vilianguka, na hapo ndipo mlango wa chumba cha Mama ulipofunguka.

Alichokiona ni mkwewe, mtu mzima, amening'inia kwenye kabati, jasho linamtoka.

“Kiharusi!” akapiga ukelele. “Mshikeni, ataanguka!”

“I am staggering, Mama,” akajibu mkwe, kwa utiifu wa sheria aliyoiweka mwenyewe.

Hakuna neno lingeharibu mambo zaidi. Mama hajapata kumsikia akimsemesha kwa Kiingereza tangu alipokuja kuposa. Aliona ulimi wake umeshageuka. Majirani waliitikia ukelele kabla hatujafungua vinywa, maana nyumba za Mji wa Kale zinagusana na dirisha la mmoja ni sikio la mwingine. Wanaume wawili walimbeba kwapani. Jirani wa mbele alikwisha kusimamisha tuktuk. Kila alivyojinasua ndivyo walivyozidi kumbana, wakimsihi asijichoshe, na mdogo wangu alilazimika kupanda kwenye kiti, apige kelele za muuguzi wa wodi ya dharura, ndipo watu wakasimama kumsikiliza. Dereva wa tuktuk alilipwa usumbufu wake. Majirani walipewa chai, maana wangeondokaje hivihivi?

Mama hakunywa chai. Aliokota vigae vya vikombe vyake mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na mimi niliumia kuona mkono wake ukitafuta vipande chini ya kochi. Alipomaliza akakaa, akamtazama mdogo wangu.

“Mlikuwa mwamfundisha nini mwanangu huyu?”

Tukamweleza. Akataka daftari. Hasomi Kiingereza, kwa hiyo alisomewa upande wa Kiswahili: kutembea kwa shida, kutembea kwa kuyumba, kutembea kwa taabu, kutembea polepole. Akasikiliza hadi mwisho.

“Hawa wote watembea tu? Hakuna anayejikongoja? Hakuna anayechechemea? Huyu wa kuyumba, ayumba kwa kizunguzungu ama ayumba kwa nyonga?”

Mdogo wangu akashika kalamu upesi.

Mama amekaa baraza la nyumba ile tangu alipoolewa, na kila aliyepita mtaani amempita yeye. Usiku ule alituonyesha mtaa mzima kwa miguu yake. Kuna anayechechemea kwa sababu mguu mmoja unauma na hataki kuukanyagia. Kuna anayejikokota, miguu mizito lakini yote mizima, mtu wa kazi nyingi au huzuni nyingi. Kuna anayeburura nyayo kwa hatua ndogondogo bila kuinyanyua miguu, mgongo umepinda mbele, na akianza ni kama anaikimbilia pua yake. Kuna anayekwenda kama bata, kiuno huku na huku. Kuna mtoto aliyesimama dede. Kuna anayenyata, naye si mgonjwa, mwangalie mfukoni. Kwa kila mwendo alisimama, akatembea, akarudi kukaa, na mdogo wangu akaandika neno la Kiingereza mbele ya mwili aliouona.

Aliyeburura nyayo ndiye “shuffle”, na daktari akilisoma neno hilo ana kila sababu ya kufikiria maradhi ya Parkinson. James Parkinson mwenyewe, daktari wa London, alipoyaeleza maradhi hayo mwaka 1817, baadhi ya wagonjwa wake wachache walikuwa watu aliowaona barabarani tu. Nilipomwambia Mama hivyo alitikisa kichwa kwa kukubali, akasema huyo alikuwa na baraza lake. Anayekwenda kama bata ni “waddle”, na huenda misuli ya nyonga zake imedhoofika pande zote mbili. Ikidhoofika upande mmoja, mwili hujitupa upande huo kila hatua, na hiyo ndiyo “lurch”. Ishara ya udhaifu huo inaitwa kwa jina la Friedrich Trendelenburg, mpasuaji wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1895. “Stagger” ni ya aliyepotewa na mizani.

Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu juu ya ukurasa ule. “Limp”, ya anayechechemea, inamwambia daktari atafute maumivu, “shuffle” atazame ubongo, “waddle” achunguze nyonga. Kwa “walks badly” mgonjwa anabaki kwenye benchi akisubiri mtu mwingine amtazame upya. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema vitenzi hivi ni mapambo ya wenye lugha yao. Muuguzi anayeandika barua ya rufaa ndiye jicho la daktari aliye mbali, na jicho linalosema “vibaya” tu halijasema kitu. Nakasirika pia ninapoona watoto wetu wakipewa orodha za Kiingereza huku maneno ya Mama, yenye ukali uleule, hawajapata kuyasikia darasani.

Mtihani aliufanya, akafaulu, akaenda Uingereza. Daftari alikwenda nalo. Baba watoto alinunua vikombe vingine, na Mama akavipokea kwa dua, akaviweka rafu ya chini.

Sasa simu hupigwa jioni, na swali la kwanza la Mama huwa ni nani amekuja na anatembeaje. Juzi mdogo wangu aliuliza Kiswahili cha “potter”, kwa ajili ya mzee mmoja wodini ambaye siku hizi hana maumivu wala haraka. Huamka akagusa maua, akanyoosha pazia, akafungua droo, akaifunga, akarudi kwenye maua. Baba watoto alisema anarandaranda. Mama akakataa, kwamba kurandaranda ni kwa vijana wasio na shughuli, na huyu shughuli anazo, ila ni ndogo. Mimi nikasema anazungukazunguka. Hilo nalo akalikataa, lina wasiwasi ndani yake. Akataka aonyeshwe mzee mwenyewe. Mdogo wangu akamweleza kwamba wagonjwa hawapigwi picha.

“Basi tembea wewe,” Mama akasema. “Iegemeze simu hapo, nikuone.”