Tuko Pamoja, Mwalimu

Hakuna aibu inayowasha kama ya mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anayeinuliwa ghafla aseme mwalimu amefundisha nini, sekunde chache tu baada ya kuitikia na darasa zima kwamba ameelewa. Mwalimu ameuliza "Are we together?", kiitikio kimepaa hadi kwenye mabati, "Yeees, sir!", kisha kidole kikamwangukia yeye. Anasimama. Anatazama daftari, ambamo ameandika na kupigia mstari "There are three reasons", na chini yake namba moja, mbili, tatu, kila moja na nukta yake safi. Mbele ya nukta hamna kitu. Wenzake wanaangua kicheko, hasa wale ambao madaftari yao hayana hata namba.

Kiitikio hicho kina ufundi wake, na ufundi wenyewe ni wa ajabu. Mwalimu hasemi neno zima: hulikata katikati na kupandisha sauti, "plants make their own foo…", na watoto themanini hulimalizia, "Food!" Ili kuitikia vizuri huhitaji kujua habari za mmea wala chakula chake, unahitaji kunusa pale sauti inapopanda, na ukichelewa, wenzako watakubeba. Mtoto anaweza kumaliza muhula mzima hivyo, hodari wa kuitikia na mtupu wa somo. Keith Chick, aliyechunguza madarasa ya watoto wa Kizulu huko Afrika Kusini na kuandika juu yake mwaka 1996, aliona kwamba mazungumzo ya namna hii humkinga kila mtu: mwalimu haonekani kushindwa kufundisha, mwanafunzi haonekani kushindwa kuelewa. Tanzania, ambako mtoto wa shule ya serikali husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha akafika sekondari na kukuta baiolojia, jiografia na hesabu zimehamia Kiingereza, kinga hiyo inahitajika sana. Kwa hiyo kumcheka aliyesimama ni kumwonea. Alichonyimwa ni somo ambalo halimo kwenye ratiba: namna ya kusikiliza.

Wapo wanaosema kusikiliza hakufundishwi. Mwache mtoto akisikie Kiingereza kutwa, mwishowe sikio litafunguka. Hoja hiyo ingesimama kama Kiingereza kingetamkwa kinavyoandikwa. Kiswahili kina irabu tano, zote hutamkwa kamili popote zilipo, na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo sikio lililokulia humo linajua neno linaishia wapi. Kiingereza hakina adabu hiyo. Photograph ina mkazo mwanzoni. Ukisema photographer mkazo unarukia silabi ya pili, ukisema photographic unarukia ya tatu, na kila unapohama, irabu zilizoachwa nyuma hufifia zikawa mguno. Comfortable, yenye silabi nne kwenye karatasi, hufika sikioni na tatu. And, of na to humezwa kabla hujazidaka. (Walimu wetu wengi hutamka kila irabu, Mungu awabariki, ndiyo maana aliyewazoea akikutana na rekodi ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, inayochezwa mara moja tu, hudhani ameingia chumba cha lugha nyingine.) Maneno anayajua kwa macho, sikio ndilo halijawahi kutambulishwa. Kumwongezea saa za kusikia asichoweza kukitenganisha ni kumwongezea kelele.

Kalamu nayo ina hesabu zake. Msemaji wa kawaida hutoa maneno zaidi ya 100 kwa dakika, mkono huandika pengine 20 au 30. Anayejaribu kunakili yote bado anamalizia sababu ya kwanza wakati ya tatu imeshapita, na hapo ndipo zinapozaliwa zile nukta tupu. Dawa ni kuacha mengi, lakini kujua kipi kiachwe kunataka kwanza uelewe kinachosemwa. Utaambiwa simu zipo, arekodi: basi atakuwa na saa nzima ya asichokielewa mfukoni. Utaambiwa pia kwamba chuoni kuna madesa, zile notisi za kurithishana, na hapo sina jibu, maana madesa yamewavisha wengi joho.

Mwaka 1987 huko Marekani, Kathy Ruhl na wenzake walijaribu jambo rahisi. Mhadhiri alinyamaza dakika mbili, mara tatu katika kipindi, wanafunzi wakakaa wawili wawili kulinganisha na kurekebisha notisi zao. Walikumbuka zaidi kuliko waliohutubiwa mfululizo. Hakikununuliwa kifaa, na darasa la watoto themanini lina jozi arobaini bila hata kuhamisha dawati. Pingamizi kubwa ni kwamba watajadiliana kwa Kiswahili. Na wajadiliane. Mtoto aliyebishana na jirani yake kwa Kiswahili kuhusu sababu ya tatu sasa ana jambo la kutafutia Kiingereza, aliyekatazwa kufungua mdomo amebakiwa na "Yes, sir."

Haya si mageni, na hapo ndipo yanapokera. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, iliyochunguza elimu ya Tanzania, ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari. Pendekezo likawekwa kando. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walipima wanafunzi na kukuta walio wengi hawawezi kufuata masomo kwa Kiingereza, na dawa iliyochaguliwa ikawa kuendelea na Kiingereza. Ukaja mradi uliofadhiliwa na Uingereza, ukaleta vitabu vya hadithi vya kujisomea, vizuri sana kwa macho. Sikio likaambiwa lisubiri. Linasubiri mpaka leo, na ripoti ya muhula bado inafika nyumbani na maoni ya mwalimu wa darasa, kwa Kiingereza ambacho mama itabidi atafute mtu wa kumsomea: mtoto huyu hasikilizi darasani.