Makaburini kwa Tiketi

Nani aliyewaambia Waingereza kwamba mtu mwenye akili zake huondoka nyumbani bila kutumwa, akazunguka, akarudi mikono mitupu? Shemeji yangu, dada yake mke wangu, ameshaishika dini hiyo. Tangu saa zisogezwe mbele mwishoni mwa Machi na kuniibia usingizi, kila Jumapili ananigongea: "Shemeji, majira yamegeuka, tutoke!"

Yamegeuka wapi? Jua linawaka, baridi iko palepale, na chavua ya miti imenifanya macho mekundu kama mvuvi aliyekesha baharini.

Tukaupanda Highgate Hill, mlima wa kukata pumzi. Mwaka 1884 hapo paliwekwa tramu ya kuvutwa kwa kamba ya chuma, ya kwanza Ulaya. Wakaiacha 1909, bila kunifikiria.

Huko juu ndiko iliko Waterlow Park, bustani aliyoitoa Sir Sydney Waterlow mwaka 1889 kwa ajili ya wasio na bustani. Ni mimi huyo. Dirisha la chumba nilichopanga linatazama ukuta. Lakini mzee wangu, mbona wanyonge ukatuweka mlimani? Nikaona benchi, nikaketi. Shemeji akasoma kibao mgongoni mwangu: ukumbusho wa bibi mmoja aliyepapenda hapo. Nikahamia benchi la pili: marehemu mwingine. Nikampa shikamoo yake, nikakaa.

Ukitoka geti la chini, makaburi ya Highgate hayo hapo, ya tangu 1839. Na kuingia ni tiketi! Kwetu mtu huingia makaburini bure, ama kwa miguu yake ama kwa mabega ya wenzake. Nikalipa huku nanung'unika.

Karl Marx amewekewa kichwa cha shaba ambacho hata kofia yake sijui ingeshonwa wapi, na watu wanapiga picha kwa zamu. Kando yake, kushoto, amelala Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, aliyewaandalia Wakaribi wa London kanivali mwaka 1959. Kijana mmoja alikuwa ametua begi lake hapo ili apate ndevu zote za jirani. Nikamwambia aliondoe. Akaniuliza kama mimi ni ndugu wa marehemu. Nikasema ndiyo, na wewe nani?

Nikajua sasa tunarudi kunywa chai. Shemeji yuko kwenye simu, anasoma: viwanja vya makanisa vilipojaa, kati ya 1833 na 1841 yalifunguliwa makaburi makubwa saba kuizunguka London.

"Hili moja tu, shemeji," akasema. "Bado sita."